Gitaa, Simu, na Uongo wa Mtoto

Wasomaji wetu, mwezi huu twapenda kuwaza pamoja nanyi juu ya swali ambalo likitazamwa juu juu laonekana dogo. Mtoto akimdanganya mwalimu aliye mbali naye, na mwalimu akadanganyika, kosa ni la nani? Wengi watajibu upesi ya kuwa kosa ni la mtoto, maana uongo ni uongo. Sisi nasi tulijibu hivyo. Lakini jambo lenyewe lilitupata sisi wenyewe, tena kwa ajili ya gitaa, na tangu siku ile hatuwezi tena kulijibu upesi.

Kazi yetu ni ualimu, nasi twakaa Tanga mjini. Dada yetu ameolewa katika kijiji kimoja cha milima ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, ambako watu hulima kahawa, na kutoka kwetu mpaka kwake ni safari ya siku mbili kwa basi. Mwanawe wa kiume alikuwa na umri wa miaka tisa alipoanza kuwafuata vijana wa kwaya waliopiga gitaa kanisani. Hata siku moja mama yake akatupigia simu, akasema, "Kaka, huyu mpwa wako ametengeneza gitaa la galoni na nyuzi za breki za baiskeli, usiku hatulali. Tufanyeje?" Tukacheka, tukafurahi sana, kwa kuwa sisi pia katika ujana wetu tulipiga gitaa, tukaliacha. Tukamwambia, "Tutamletea gitaa la kweli, nasi tutamfundisha kwa simu kila Jumapili baada ya ibada."

Dukani palikuwa na magitaa mawili yaliyotufaa kwa bei. Moja lilikuwa dogo, la kipimo cha robo tatu, lenye nyuzi za nailoni. La pili lilikuwa la mtu mzima, lenye nyuzi za chuma, na uzi wake toka kichwani hata darajani ulipata sentimita 65. Tukachukua lile kubwa, tukijisemea ya kuwa mtoto atakua nalo, kama wazazi wanunuavyo sare ya shule yenye mikono mirefu ili ivaliwe miaka mitatu. Hatukukumbuka ya kuwa mikono ya sare hukunjwa, bali shingo ya gitaa haikunjwi. Wala hatukukumbuka ya kuwa nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu kuliko za nailoni, na kidole cha mtoto lazima kizishinde. Tukalitia katika basi, likasafiri siku mbili chini ya mizigo katika joto.

Basi, tukaanza kazi. Kila Jumapili tuliegemeza simu juu ya vitabu, tukashika gitaa letu la zamani, na mtoto huko kwao akaketi juu ya kigoda, mama yake amemshikia simu. Tulimfundisha kama tulivyofundishwa sisi: kwanza majina ya nyuzi sita toka nene hata nyembamba, E, A, D, G, B, E, kisha namna ya kuzilinganisha, kisha zile sauti zinazolia pamoja, ambazo wapiga gitaa huziita kodi (si kodi ile inayolipwa serikalini, ingawa kwa mtoto naona hii nayo hulipwa kwa machozi). Kila mwisho wa somo tulimwuliza, "Umeelewa?" Naye kila mara alijibu, "Ndiyo, Mjomba, nimeelewa."

Hapa yafaa tueleze kidogo jinsi simu ilivyo, maana wengi hudhani ya kuwa kwa kuwa twamwona mtu na kumsikia, basi tuko naye. Simu ilitengenezwa kwa ajili ya maneno ya watu. Programu zake nyingi huchuja sauti isiyo ya mtu asemaye, zikidhani ni kelele. Hivyo uzi wa gitaa ukilia kwa muda, sauti yake hupungua na kuzimika kabla ya wakati, na mwalimu hajui kama ni mtoto aliyeuachia au ni simu iliyoukata. Tena sauti huchelewa njiani kwa sehemu ndogo ya sekunde, na uchache huo watosha kuharibu mdundo. Tulipojaribu kupiga wimbo pamoja, kila mmoja alimsikia mwenziwe yu nyuma, kila mmoja akapunguza mwendo ili kumngoja, mpaka wimbo ukasimama kabisa, mfano wa watu wawili wenye adabu waliokutana mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenziwe, "Tangulia." Na picha nayo ilituonyesha uso wa mtoto na nusu ya shingo ya gitaa. Ncha za vidole hatukuziona hata mara moja.

Katika wiki ya tatu mtoto alisema, "Mjomba, vidole vinauma." Nasi tukamjibu, "Vumilia, mwanangu. Kila mpiga gitaa hupita hapo."

Wasomaji, maneno yale yalikuwa kweli. Ngozi ya ncha za vidole huuma majuma ya kwanza, kisha huwa ngumu, na maumivu huisha. Hakuna mpiga gitaa asiyejua hivyo. Lakini yako maumivu mengine, ya mkono uliopindwa kupita kiasi au ya uzi ulioinuka juu mno, nayo hayaponywi kwa kuvumilia. Maumivu yote mawili huitwa kwa neno moja, yaani, "yanauma." Mwalimu aliye karibu hushika kidole, akakitazama, akajua ni yapi. Sisi tulisikia neno tu, tukalipa jibu lililo kweli kwa magitaa yote ya ulimwengu, isipokuwa lile alilolishika mtoto. Toka siku hiyo hakutaja tena vidole. Tukaona amekuwa mvumilivu, tukapendezwa naye.

Baada ya miezi miwili tulimwagiza atutumie kila Jumamosi wimbo mmoja aliouweza, ameurekodi katika simu ya mama yake. Juma la kwanza hakuleta, tukamkumbusha. Juma la pili hakuleta, tukamkumbusha kwa sauti nyingine. Juma la tatu ukaja wimbo, tena uliopigwa vizuri, wenye kodi ya F ndani yake, ile ambayo kidole cha shahada hulazwa juu ya nyuzi zote sita, na ambayo imewafanya watu wazima wengi kulitundika gitaa ukutani wasilishike tena. Tulishangaa. Tukawasikilizisha walimu wenzetu, tukasema, "Huyu nimemfundisha kwa simu, kutoka hapa hapa." Juma lililofuata ukaja wimbo wa pili, nasi tukatuma fedha kidogo za kununulia daftari.

Mwezi wa Desemba tukasafiri. Jioni ya kufika kwetu, watu wamejaa uani, tukasema, "Haya, mwanangu, tupigie." Mtoto akalileta gitaa, akalipakata, mkono wake wa kuume haukufika vizuri juu ya tumbo la gitaa, akakaa kimya, kisha akalia. Tukamwondoa mbele za watu. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa na makovu ya vidonda, na bibi yake akatuambia kwamba amekuwa akivipaka mafuta ya alizeti kila usiku. Tukachukua penseli ya shule, tukaipitisha kati ya nyuzi na shingo, mahali pa katikati ya urefu wa uzi, ambapo nafasi yapaswa kuwa milimita tatu hivi. Penseli ikapita. Shingo ilikuwa imepinda. Sisi wenyewe tulipojaribu kuibonyeza ile kodi ya F, hatukuweza.

Nyimbo zile zilipigwa na kijana mmoja wa kwaya, kwa gitaa lake mwenyewe. Mtoto alimwomba, naye akamhurumia.

Sasa twarudi kwenye swali letu. Shemeji yetu alikasirika, akataka kumchapa, akasema, "Leo amedanganya kwa gitaa, kesho atadanganya kwa fedha." Neno hili hatulidharau, na yeyote aliyelea watoto hawezi kulidharau. Mtoto alidanganya kweli, na alipokea daftari kwa wimbo usio wake. Tena alimwingiza kijana mwingine katika uongo wake. Hatutaki kumfanya malaika kwa kuwa ni mdogo.

Lakini tulipolala usiku ule tukaanza kuhesabu, tukaona ya kuwa kabla hajadanganya, alisema kweli mara moja. Alisema, "Vinauma." Nasi tuliifunga kweli ile mlango usoni, kwa upole, kwa maneno ya kutia moyo. Baada ya hapo tulimwuliza mara nyingi, "Umeelewa?" Je, hilo ni swali? Katika malezi yetu mtoto akiulizwa hivyo na mjomba wake, aliyemnunulia gitaa kwa fedha zake, aweza kujibu, "La, Mjomba, sijaelewa, na gitaa ulilonunua ni baya"? Angeonekana hana adabu wala shukrani. Jibu lilikuwa moja tu, na tulilijua kabla ya kuuliza. Mtu akiuliza swali lenye jibu moja, hakuuliza ili ajue; aliuliza ili asikie. Sisi tulitaka kusikia ya kuwa tu walimu wema.

Tena liko jambo lililotuuma zaidi. Mwalimu wa darasani akidanganywa ana macho yake ya kumsaidia: aona daftari, aona uso, aona mtoto anavyojikuna kichwa. Mwalimu wa mbali hana kitu ila neno la mwanafunzi. Ni kama kipofu aongozwaye na mtoto, na fimbo yake yote ni kweli ya mtoto yule. Kipofu mwenye akili hamkaripii anayemwongoza kila amwambiapo, "Hapa pana shimo." Akimkaripia, mtoto atanyamaza, na wote wawili wataingia shimoni. Kwa hiyo kusema kweli, ambako tulikudai kwa mtoto kana kwamba ni deni lake, kulikuwa deni letu sisi kwanza. Ilitupasa kumfanyia nafasi ya kuisema. Sisi tuliijaza nafasi ile kwa sifa na maagizo.

Asubuhi tulimwita mtoto mbele ya baba yake na mama yake. Akaomba radhi kwa uongo wake, bila kuchapwa. Nasi tukamwomba radhi kwa gitaa na kwa neno "vumilia." Mzee mmoja wa ukoo alisema baadaye kwamba si desturi mtu mzima kumwomba radhi mtoto wa miaka tisa, kwamba kufanya hivyo ni kuvunja heshima ya wazee. Tulimsikiliza, na twamheshimu, lakini hatukukubaliana naye. Mtoto aliye mbali hawezi kuona uso wetu tunapokosa. Kama hatumwambii, atajuaje kwamba kukosa husemwa?

Wako watakaosema, basi kufundisha kwa mbali ni kazi bure. Hatusemi hivyo. Gitaa la nchi zetu lenyewe limeenea sana kwa njia ya mbali. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey alimrekodi kijana Jean Bosco Mwenda wa Bayeke huko Jadotville katika Katanga, mji uitwao sasa Likasi. Kijana yule alipiga kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, na mtu akisikia wimbo wake uitwao "Masanga" kwa mara ya kwanza aweza kudhani kwamba wapigaji ni wawili. Santuri zake zilifika Kenya na Tanganyika na kwingineko, na vijana wengi ambao hawakumwona kamwe walijifunza kwake, wakiirudisha sindano mwanzo tena na tena. Kadhalika, nyimbo za kwaya zilitufikia kwa karatasi za do, re, mi, namna ya kuandika iliyobuniwa Uingereza na Bibi Sarah Glover na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19, na wazee wetu wakaimba sauti nne bila kumwona mtunzi.

Tumelifikiri sana jambo hili la santuri. Haionyeshi kidole kimewekwa wapi, na kwa hilo ni mwalimu mbaya kuliko simu. Lakini haimwulizi mtu "Umeelewa?" wala haidai wimbo kila Jumamosi, wala haiwaambii walimu wenzake, "Huyu nimemfundisha mimi." Kijana aliyekosea mbele ya santuri alikosea bila aibu, akarudia. Naona alikuwa na uhuru ambao mpwa wetu, pamoja na simu na mjomba, hakuwa nao. Ingawa twakiri ya kuwa waliokuwa wakirudia walikuwa vijana wakubwa wenye kiu yao wenyewe. Mtoto wa miaka tisa akikosea peke yake mara ishirini hukata tamaa. Yeye hutaka mtu.

Na mtu alikuwapo. Ni yule kijana wa kwaya. Yeye hakufundishwa shule ya muziki, wala hajui majina ya kodi nyingi azipigazo, lakini anaweza kuweka kidole chake juu ya kidole cha mtoto na kukibonyeza mahali pake, jambo ambalo sisi hatutaweza kulifanya kutoka Tanga hata tukinunua simu ya bei gani. Kabla ya safari ile tulijua ya kuwa yupo, dada yetu alikwisha mtaja. Kwa nini hatukumwita awe mwenzetu? Tumejiuliza, na jibu halitupendezi. Tulitaka mtoto ajue gitaa, ndiyo, lakini tulitaka alijue kutoka kwetu.

Siku ile tulishuka Songea mjini, tukanunua gitaa dogo la nyuzi za nailoni. (Msomaji mwenye gitaa la namna hii asije akalitia nyuzi za chuma akidhani atalipa nguvu, mvuto wake waweza kung'oa daraja.) Lile kubwa tukalilegeza nyuzi, likatundikwa. Tukaacha kodi ya F na wenzake. Tukamwonyesha kodi mbili za kidole kimoja kimoja: kwa ile ya C, uzi wa pili kutoka chini hubonyezwa katika nafasi ya kwanza, zikapigwa nyuzi tatu nyembamba tu, kwa ile ya G, uzi mwembamba kuliko zote hubonyezwa katika nafasi ya tatu, zikapigwa hizo hizo tatu. Kwa kodi hizo mbili nyimbo nyingi za watoto zaweza kuimbwa, na kidole kimoja chatosha. Dakika kumi kila siku, kisha akacheze mpira.

Na tuliporudi Tanga tuligeuza maswali. Hatuulizi tena kama ameelewa. Twasema, "Niambie mahali palipokukatalia." Hatutaki wimbo uliokamilika siku ya Jumamosi, twataka atutumie pale alipokosea, apige polepole, auachie uzi ulie wenyewe. Mazoezi ya kila siku husimamiwa na yule kijana, nasi twazungumza na wote wawili.

Nasi tulifanya jambo moja zaidi, ambalo walimu wenzetu walilicheka. Tuligeuza gitaa letu, tukalishika kwa mkono wa kushoto, kama mtu wa shoto afanyavyo, tukajaribu kodi zile zile mbili. Vidole vyetu vya mkono wa kuume, vyenye umri wa miaka hamsini na tatu, vilitetemeka kama vya mtoto mchanga. Uzi ulikoroma, kodi haikutoka. Tukairekodi hivyo hivyo, tukamtumia. Mama yake alituambia kwamba mtoto aliisikiliza mara nne, akacheka mpaka akaketi chini, kisha akauliza, "Kumbe Mjomba naye?"

Hayo yamepita mwaka mmoja na nusu sasa. Mtoto si mpigaji wa ajabu. Katika kwaya ya watoto hupiga nyimbo tatu, na katika moja ya hizo bado huchelewa kubadili kodi, na waimbaji wamezoea kumngoja. Mwezi uliopita alitutumia video. Amepiga beti mbili vizuri, kisha akasimama katikati ya wa tatu, akaisogelea simu, akasema, "Mjomba, hapa bado," akaendelea na alichokuwa akifanya. Baba yake, ambaye alikuwa amelishikilia lile neno lake la fedha, alituma ujumbe wake mwenyewe nyuma ya video ile, kwamba mtoto anauliza kama aweza kulishusha lile gitaa kubwa. Tukajibu, amwulize yule kijana kwanza, na wapitishe penseli.